Mfuko wa Ndani

Wa kwanza alikuja Jumamosi, mvua imekatika,
Tandika yote inanuka matope na mihogo ya kukaanga.
Sketi ya shule mkononi, ya bluu, ya marinda.
"Fundi, niwekee mfuko kwa ndani.
Hapa, kwenye rinda la nyuma. Usionekane."
Wa nini?
Sikuuliza.
Mia tano ni mia tano, na cherehani haina masikio.

Nikaupima kwa kiganja changu:
vidole vitano kwenda chini, vitatu upana.
Nikadhani ni simu.
Nikadhani ni pedi, maana nami nilikuwa msichana,
najua aibu inavyotafuta pa kukaa.

Wiki ile ile wakaja watatu.
Kisha wawili, kisha yule mrefu wa Kidato cha Tatu
aliyetaka wake ushonwe mara mbili,
"usije ukachanika kwa uzito."
Uzito gani, mwanangu?
Swali lilinifika ulimini,
nikalikata kwa meno pamoja na uzi.

Walikaa kwenye benchi langu wakisubiri,
wakichekea kioo cha simu moja, vichwa vimegusana.
"Kesho nani analeta wino?"
"Mwajabu. Wa kwake hauna harufu."
Nikafurahi. Nikasema moyoni:
kumbe watoto wa siku hizi bado wanaandika.

Wino.
Kumbe wino ni kichupa kinachoenea kiganjani,
kinauzwa nyuma ya banda la chipsi, umri hauulizwi,
kinamiminwa kwenye juisi ya ukwaju
saa moja kasoro, kabla ya mstarini.
Mmoja anakunywa, mwenzake anamrekodi,
na anayekohoa anachekwa mpaka Ijumaa.
Wimbo wa taifa wanauimba koo zikiwaka.
Mwalimu wa zamu anakagua kucha,
anakagua nywele, soksi,
urefu wa sketi.
Hafunui rinda. Nani angefunua?
Nilishona vizuri.

Haya niliyajua siku aliyokuja mama yake Zawena,
yule wa kwanza, yule wa Jumamosi ya mvua.
Hakusalimia.
Akaitoa sketi kwenye kikapu cha sokoni,
akaitandaza juu ya cherehani yangu, akaipindua.
"Mkono huu ni wa nani?"

Kushona ni mwandiko.
Mishono midogo, fundo mbili kila mwisho:
mtaa mzima hakuna mwingine anayefunga hivyo.
Na mfuko bado ulikuwa unanuka,
si harufu ya wino.

Zawena yuko Temeke, wodini, siku ya sita.
Kichupa cha siku ile hakikuwa na lebo.
Mtu kaongeza kitu ndani, ili kijae, ili kiwake.
Anapumua. Anakunywa uji.
Lakini akigeuziwa uso dirishani, mchana kweupe,
anamuuliza mama yake
kwa nini umeme haujarudi.

Mama hakulia mbele yangu. Akasema,
"Mdogo wake anaanza Kidato cha Kwanza Januari.
Ipunguze kiuno. Na hiki kitu kitoe."

Nilikitoa usiku, kwa wembe, uzi mmoja mmoja.
Kitambaa cha bluu hakisahau:
matundu ya sindano yamebaki,
ukikiinua kwenye taa, mwanga unapenya.
Nikafungua daftari la kazi.
Mifuko kumi na mmoja.
Kumi iko huko nje, inatembea, inapandisha bendera.
Majina sina. Niliandika tu:
sketi, mfuko, 500.
Sketi, mfuko, 500.

Leo asubuhi kaja kijana na sweta.
"Fundi, hapa kwa ndani, kimfuko kidogo tu."
Nikaondoa mguu kwenye kanyagio.
"Kaa," nikamwambia. "Cha nini?"
Akatazama barabarani.
Gurudumu likazunguka kidogo peke yake, likasimama.
Naye kimya, nami kimya,
benchi lile lile.
Nikasubiri.